Shule ya mtoto mkimbizi haisitishwi

Juni 2025, katika kambi za Warohingya, wakimbizi kutoka Myanmar, za Cox's Bazar nchini Bangladesh, zaidi ya walimu 1,000 wazawa walipoteza kazi baada ya fedha za wafadhili kukauka, na madarasa ya watoto wadogo yakafungwa. Miezi michache kabla, Januari, Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa rasmi. Katika kambi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, mgao wa chakula ulipunguzwa hadi watu wakaandamana. Katika mazungumzo mengi ya kipindi hicho, ya maofisa na ya watu wa kawaida, nimelisikia neno moja likirudiwa kila shule za wakimbizi zilipotajwa: zimesitishwa. Anayesikia neno hilo huona picha ya jiko lililozimwa kwa muda. Kuni zipo, sufuria ipo, fedha zikirudi moto utawashwa na mapishi yataendelea palepale yalipoachwa.

Naamini tumeelewa vibaya, na kosa hili linawagharimu watoto. Dawa ambayo shule humpa mtoto aliyekimbia vita ni mwendelezo wenyewe: kujua kwamba kesho asubuhi kuna mahali pa kwenda, na kwamba mtu yuleyule wa jana anamsubiri pale. Ukiukata mwendelezo huo hujaiahirisha dawa, umeimwaga. Na kwa kuwa anayeubeba ni mwalimu, kuliko jengo, kitabu au mtaala, posho yake ndiyo ingepaswa kulindwa mpaka mwisho. Kinachofanyika ni kinyume chake.

Ahadi zipo, tena za zamani. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika ibara ya 22, unazitaka nchi kuwapa wakimbizi elimu ya msingi sawa na zinavyowapa raia wao. Desemba 2017 nchi za IGAD, jumuiya ya Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki, zilikutana Djibouti na kukubaliana kuwaingiza watoto wakimbizi katika mifumo ya elimu ya taifa. Mwaka mmoja baadaye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha makubaliano ya kimataifa kuhusu wakimbizi, na humo ikasemwa kwamba, inapowezekana, mtoto asikae zaidi ya miezi mitatu tangu afike kabla hajarudi darasani. Miezi mitatu ni muda uliopimwa kwa busara: unatosha kwa familia kupata hema, maji na kitambulisho, na bado mtoto hajajizoesha kukaa bila kazi. Lakini ripoti ya elimu ya mwaka 2024 ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilionyesha kwamba watoto wakimbizi zaidi ya milioni 7 wenye umri wa shule, karibu nusu ya wote, hawakuwa wakisoma. Shule ya msingi waliandikishwa takriban asilimia 65, sekondari asilimia 42. Mtu akiziangalia tarakimu hizi haraka atadhani tatizo ni madarasa kuwa machache, na madarasa kweli ni machache. Ila uandikishwaji haukuonyeshi mtoto yupi alirudi wiki ya pili, na hapo ndipo mwalimu anapoingia.

Kuna jambo jingine ambalo neno "kusitisha" linalificha. Tunaongea juu ya ukimbizi kama mvua ya kupita, wakati takriban theluthi mbili ya wakimbizi duniani wanaishi katika hali ambayo imedumu miaka mitano au zaidi. Kambi ya Dadaab nchini Kenya ilifunguliwa 1991, Kakuma 1992, Nyarugusu ya Tanzania 1996. Mtoto aliyezaliwa Dadaab kambi ilipokuwa changa leo ni mtu mzima wa miaka zaidi ya 30, na huenda mwanawe anakalia dawati alilolikalia yeye. Kwa maisha ya namna hiyo hakuna "baadaye, mambo yakitulia". Mtoto wa miaka 6 anayesitishiwa shule miaka miwili ataanza darasa la kwanza akiwa na miaka 8, kama ataanza. Msichana wa miaka 14 akikaa nyumbani mwaka mzima, mara nyingi shule ikifunguliwa ameshakuwa mke wa mtu, au analea wadogo zake ili mama atoke kutafuta kibarua. Mvulana wa umri huo amekwisha kupata watu wengine wa kumpa kazi na heshima, na si wote wanamtakia mema.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja la watoto waliokimbia vita, asubuhi moja tu. Kilichobaki kichwani mwangu ni daftari la mahudhurio. Mwalimu aliita majina, akafika kwa mvulana mmoja mdogo, akaita mara mbili, kimya. Mtoto alikuwa ameketi palepale, anamtazama. Mwalimu alisogea, akachuchumaa karibu na dawati, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mama anakuitaje?" Mtoto akasema jina lake. Lilikuwa tofauti kabisa na lile lililoandikwa. Karani fulani aliyewaandikisha mpakani alilisikia vibaya, akaliandika hivyo, na tangu siku hiyo kila karatasi ikalirithi kosa. Mwalimu akalikata jina la daftarini kwa mstari mmoja, akaliandika lile la nyumbani juu yake, kisha akaliita upya. Safari hii mtoto aliitika. Kwenye makaratasi ya hifadhi pengine bado ni yule mtu mwingine, lakini darasani alikuwa amejipata. Hakuna mstari wa bajeti wa kazi kama hiyo, wala mkaguzi anayekuja kuuliza kama majina ya watoto yameandikwa sawasawa.

Nimelieleza hilo kwa sababu tunapotaja mwalimu "mwenye kujali" tunadhani ni tabia nzuri ya ziada, kama tabasamu la muuzaji. Kwa mtoto aliyehama kwa kulazimishwa, kujali ni sehemu ya kufundisha. Vita vimemfundisha kwamba watu wazima hutoweka, kwamba sauti kubwa ni hatari na kwamba kesho haitabiriki. Mtoto huyo akisinzia darasani, huenda usiku hakulala. Akiruka mlango unapogongwa, mwili wake bado uko kule alikotoka. Akikaa wiki sita bila kusema neno, inawezekana anakisikiliza kila kitu na anasubiri kuona kama panaaminika. Mwalimu asiyefunzwa ataviita vitu hivi uvivu, utundu na kiburi, na atachukua fimbo. Aliyefunzwa atampa mtoto asiyesema kazi isiyohitaji maneno, ya kufuta ubao au kugawa madaftari, na atampangia siku yake kwa namna ileile kila siku: salamu, majina, hesabu, mapumziko, hadithi. Wataalamu wa afya ya akili ya watoto wanasema jambo ambalo bibi zetu wamelijua siku zote, kwamba ratiba inayoeleweka na mtu mzima wa kuaminika ni miongoni mwa vitu vinavyomtuliza mtoto zaidi. Watoto wengi hawahitaji daktari bingwa. Wanahitaji Jumatatu inayofanana na Jumatatu iliyopita. Wachache walioumia zaidi wanahitaji mtaalamu, na hata hao, wa kwanza kugundua kuwa kuna tatizo huwa ni mwalimu.

Historia ina ushahidi wa wazi kwamba haya hayategemei jengo. Aqeela Asifi alikuwa mwalimu Kabul. Mwaka 1992 alikimbilia Pakistan na familia yake, wakafikia makazi ya wakimbizi ya Kot Chandana, mahali ambapo wasichana hawakuwa wakisoma na wazee hawakulitaka wazo hilo. Alizunguka mlango kwa mlango kuwaomba wazazi, akaanza na wanafunzi wachache ndani ya hema la kuazima. Ubao hakuwa nao, akashona vipande vya nguo vyenye maandishi kwenye kuta za hema. Vitabu hakuwa navyo, akaviandika kwa mkono usiku. Watoto waliandika maneno yao ya kwanza kwenye vumbi. Ilipofika 2015, UNHCR ilipompa Tuzo ya Nansen, ya watu wanaowatumikia wakimbizi, wasichana zaidi ya 1,000 walikuwa wamemaliza elimu ya msingi mikononi mwake. Kwa miaka zaidi ya 20 alikuwa yuleyule, mahali palepale, na wazazi waliokataa mwanzoni walipata muda wa kumtazama, kumpima na kubadilika. Mradi wa miezi 9 usingeweza kuwapa muda huo.

Walakini nina wasiwasi na jinsi tunavyozisimulia hadithi za namna hii. Abdullahi Mire alilelewa Dadaab, akapata nafasi ya kuishi Norway, akarudi kuwahudumia watoto wa kambi aliyokulia. Kupitia taasisi aliyoianzisha, vitabu 100,000 vilifika kwa wasomaji wa Dadaab, naye mwaka 2023 akapata Tuzo ya Nansen. Anastahili kila sifa. Ila hadithi yake ikipita mitandaoni hugeuzwa kuwa ya mtoto shujaa aliyejiokoa kwa bidii yake, na msomaji anabaki na hitimisho kwamba wenye kipaji watapenya tu. Hawapenyi hivyo. Nyuma ya kila mkimbizi aliyesoma hadi mbali yupo mtu aliyesimama mbele ya watoto 100 au zaidi katika chumba chenye joto la bati, akamwona huyu mmoja, akamrudisha alipoacha. Tunamsifu mwanafunzi, halafu tunakata posho ya aliyemfundisha.

Wapo wanaopinga kuipa shule uzito huu, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Ya kwanza ni ya tumbo: huwezi kuzungumzia elimu wakati mtoto hajala. Anayesema hivyo ana haki. Shirika linapobakiwa na shilingi moja kati ya tatu lilizokuwa nazo, kuna watu halisi wanaokaa mezani kuchagua kati ya unga na chaki, na mimi sipendi kuwa mahali pao. Lakini mezani huwekwa mizigo isiyolingana. Elimu kwa miaka mingi imekuwa ikipata chini ya asilimia 5 ya fedha za misaada ya dharura duniani, kwa hiyo kuifuta kabisa hakujazi pengo la chakula hata kidogo. Na mara nyingi shule ndiyo mlango wa chakula chenyewe: hapo ndipo uji unapogawiwa, chanjo zinapotolewa, na mtoto aliyedhoofika anapoonekana mapema. Uliza wazazi wakimbizi wenyewe. Wapo wanaouza sehemu ya mgao wao mdogo wa chakula ili wanunue madaftari. Si kwamba hawaijui njaa. Wanajua kuwa mgao unaisha mwisho wa mwezi.

Hoja ya pili ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote, na watetezi wa wakimbizi huikwepa kwa maneno matamu. Nayo ni hii: hata watoto wa raia, katika nchi nyingi zinazopokea wakimbizi, wanasoma wakiwa wamebanana, wengine chini ya miti, na walimu wao wanadai mishahara. Zaidi ya theluthi mbili ya wakimbizi duniani wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa nini Turkana, mojawapo ya kaunti zenye umaskini mkubwa Kenya, au wilaya za West Nile kule Uganda, zibebe mzigo ambao nchi tajiri zinaukimbia? Sina jibu la kuwanyamazisha wanaouliza hivyo, na sidhani wanapaswa kunyamazishwa. Ninachoona ni kwamba jibu la kujenga shule mbili, moja ya wakimbizi na moja ya wenyeji, limewaumiza wote. Uganda mwaka 2018 ilizindua mpango wa elimu unaowahusu wakimbizi pamoja na jamii zinazowapokea, kwa mantiki rahisi: darasa likijengwa kwa ajili ya mgeni, mtoto wa mwenyeji naye aingie, mwalimu akiajiriwa, awafundishe wote. Benki ya Dunia na UNHCR mwaka 2021 zilikadiria kwamba kuwasomesha wakimbizi wote katika nchi za kipato cha chini na cha kati kungegharimu dola bilioni 4.85 kwa mwaka. Kwa nchi inayopokea ni mzigo usiobebeka. Kwa dunia nzima ni fedha inayopatikana, ikitolewa kwa mpango wa miaka na kupitia mfumo ambao mtoto wa mwenyeji naye anafaidika. Mwenyeji anayelalamika anadai haki yake kwa wafadhili. Mtoto mkimbizi si mshindani wake.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, lakini ndiyo inayosikika sana: ukimsomesha mkimbizi, hatarudi kwao. Wengine huiendeleza hadi kusema kwamba shule mbovu ni njia ya kumkumbusha kuwa hapa si kwake. Nikiacha ukatili wa wazo hilo, halina ukweli, na Afrika Mashariki ndiyo isingepaswa kulisema. Baada ya machafuko ya Soweto ya Juni 1976 vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao, na wengi wao wakafika Tanzania. Serikali ilikipa ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini, ardhi Mazimbu, Morogoro, na mwaka 1978 ikaanza shule iliyokuja kuitwa Solomon Mahlangu, kwa jina la kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Kabla yao FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa na shule zake katika ardhi ileile ya Tanzania, ikiwafundisha watoto wa Msumbiji waliokimbia utawala wa Wareno. Msumbiji ilipopata uhuru 1975, waliosoma huko walirudi kuijenga nchi. Na mlango wa Afrika Kusini ulipofunguka, vijana wa Mazimbu nao wakarudi. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo yako chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kinachomrudisha mtu kwao ni amani. Elimu inaamua atarudi akiwa nani.

Suala la mtaala ni gumu zaidi ya wanavyolichukulia wengi, kwa sababu kila chaguo lina maumivu yake. Katika kambi za Kigoma watoto wa Burundi na wa Kongo kwa miaka mingi wamefundishwa kwa mitaala ya nchi walizotoka, kwa matarajio ya kurudi. Uganda, Kenya na Rwanda hufundisha mtaala wa nchi mwenyeji. Chad ilianza na mtaala wa Sudan kwa wakimbizi wa Darfur, kisha mwaka 2014 ikahamia wa kwake, na walimu waliozoea kufundisha kwa Kiarabu cha kwao wakalazimika kujifunza upya wakiwa kazini. Mtaala wa nyumbani unamlindia mtoto lugha yake, lakini vyeti vyake vinaweza kukwama mpakani. Wa mwenyeji unampa cheti kinachotambulika, lakini unamshusha darasa. Mtoto wa Kikongo aliyefika darasa la sita akijua Kifaransa na Kiswahili anaweza kuingia shule ya Uganda na kukalishwa na watoto wa darasa la pili kwa sababu ya Kiingereza, magoti yakigonga chini ya dawati. Aibu hiyo huwatoa wengi shuleni kuliko ada. Katika mitaala yote miwili nimeona tiba ni ileile: mwalimu au msaidizi anayeijua lugha ya mtoto, anayeweza kumwambia "hesabu zako ni za darasa la sita, kilichobaki ni maneno", na kisha akamsaidia kuyapata maneno hayo.

Wasaidizi hao wapo tayari ndani ya kambi. Wengi wa wanaofundisha wakimbizi ni wakimbizi wenyewe, na mara nyingi sheria za ajira haziwaruhusu kulipwa mshahara, hivyo hupewa posho, sehemu ndogo tu ya anachopata mwalimu mzawa wa chumba cha jirani. Baadhi walikuwa na shahada na miaka kazini kabla ya vita. Vyeti vyao vimeungua au havitambuliki. Ujerumani, Chuo Kikuu cha Potsdam kilianzisha mwaka 2016 mpango wa kuwaandaa upya walimu waliokimbia, wengi wao kutoka Syria, ili warudi darasani katika nchi mpya. Hatua ya namna hiyo inaitambua kazi waliyokwisha kuifanya. Kwingi tunamchukua mtu aliyefiwa, aliyepoteza nyumba, tunampa watoto 100 waliofiwa, tunamwomba awe na subira kila siku, halafu kila miezi michache tunamwambia mkataba wake utategemea barua ya mfadhili. Anayepata kazi ya kupakia magunia inayolipa zaidi huondoka, na siwezi kumlaumu. Darasani anaacha watoto ambao kwa mara nyingine wameona mtu mzima akitoweka.

Kwa hiyo fedha zikipungua, na zitaendelea kupungua, naona mpangilio wa kukata ungepaswa kugeuzwa. Semina za hotelini zikatwe, mabango na uzinduzi vikatwe, hata ujenzi usubiri ikibidi na watoto wasome kwa zamu mbili, kama walivyofanya watoto wa Syria kule Lebanon na Jordan, ingawa zamu ya mchana inachosha. Posho ya mwalimu ihesabiwe pamoja na maji, kwenye orodha ya vitu visivyoguswa. Mkataba wake usiwe mfupi kuliko mwaka wa masomo, ili mtoto asibadilishiwe mwalimu katikati. Na kama hakuna budi kumpunguza, watoto waambiwe mapema na yeye mwenyewe, na apewe siku ya kuwaaga. Mwalimu atakayempokea akute daftari la mahudhurio lenye majina yaliyoandikwa sawasawa.